Chumba cha Mama

Majengo, Gisenyi
6 Mei 2024

Kwa mudogo wangu Kaltumu,

Asalaam aleikum. Mi niko muzima. Mama njo haiko muzima. Simu yako haiingie tena, tumechoka kuipiga, donc barua hii nampa Wellars, yule dereva wa lori anayepitaka kwenu Kahama akitoka Dar. Ameniambia anakulaka chakula karibu na duka la bwana yako.

Tangu upande wake wa kushoto ulikufa, Mama haamuke. Bado analalia kile kitanda cha vyuma, unakikumbuka. Waya zimelegea, godoro imeingia katikati sawa shimo, na mi peke yangu siwezi kumugeuza vizuri. Infirmière wa kituo cha afya alikuja kumuona. Akamufunua mugongo, akaniita pembeni: "Dada, hii ngozi inaanza kuoza. Mutafutie godoro ngumu na umugeuzegeuze mchana na usiku. Bila vile, kidonda kitafika kwenye mufupa."

Bwana yako anauza vitanda, mudogo wangu. Cherehani yangu inatulisha tu, haifike kwenye godoro kama hiyo. Siombe vitu mingi. Hata kitanda tuache, nitapanga mbao. Tuma godoro.

Dada yako,
Bushira


Kahama
23 Mei 2024

Dada yangu mpenzi Bushira,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikafuta machozi nikaanza kupanga. Simu nimeacha kuitumia, kelele zimezidi. Barua ina heshima yake, tuendelee hivihivi kwa mkono wa Wellars.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo kazi yetu huku. Watu wakisikia mgonjwa hukimbilia godoro. Wanalitupa kwenye chumba chenye magunia ya mkaa na masanduku, halafu wanashangaa mgonjwa hapati nafuu. Chumba cha kulala kinatengenezwa chote kwa pamoja. Kitanda cha mninga chenye ubao mrefu wa kuegemea, kisimame juu kidogo ili anayemhudumia asivunjike kiuno. Godoro zito. Kabati la milango mitatu, nguo zisining'inie misumarini kama za mpangaji. Meza ya kioo na stuli yake. Pazia la kuzuia jua. Vingine vyote ni mapambo, lakini hivyo ni vya lazima, na viwe vya mti mmoja na rangi moja. Seti haivunjwi, dada.

Tafadhali usinunue godoro la huko. Yale ya sponji yanabonyea mara moja, na watu wa Majengo watasema Kaltumu ana duka zima na mama yake analalia sponji. Nimeshamkabidhi Wellars meza ya kioo. Ipokee. Vilivyobaki vinafuata.

Mwambie Mama chumba chake kitakuwa kizuri kuliko cha bibi harusi.

Mdogo wako,
Kaltumu


Majengo, Gisenyi
9 Juni 2024

Kaltumu,

Meza imefika, hata mukwaruzo hakuna. Tuliiweka mbele ya kitanda, nafasi ingine haikuwepo. Mama akajiona. Ni mara ya kwanza tangu mudomo yake ipinde. Akaangalia, akaangalia, akaniuliza: "Ule muzee ni nani?" Nikamwambia, ni weye, Mama. Alilia mupaka magharibi. Nimefunika kioo na kitenge.

Lakini wageni wakifika ananiambia nifunue. "Kaltumu njo ameleta," anawaambia. Mi namuosha, mi namulisha, mi nafua shuka kila asubuhi, na hakuna mugeni hata mumoja amesikia jina yangu.

Sikiliza hii. Umutesi, jirani wetu, alituletea godoro ya mutoto wake aliyeenda kusoma internat, kule wanalalaka. Ngumu, nzuri kabisa, bure. Mama akashika chuma cha kitanda na mukono ule uliobaki muzima, akakataa kuinuliwa. "Kaltumu ananiletea yake. Nikilalia ya Umutesi, Kaltumu atasema nini?"

Vidonda ni vitatu sasa. Kile cha chini ya kiuno, kidole changu kinaingia.

Mudogo wangu, seti naielewa. Mi ni fundi nguo, najua suti haiuzwe nusu. Lakini mutu anaoza. Acha kabati. Acha pazia. Godoro.

Bushira


Kahama
27 Juni 2024

Dada Bushira,

Nakusihi usiniandikie kwa ukali. Unafikiri mimi silali nikiwaza?

Godoro na kitanda viko tayari, vimebaki vitu vidogo tu upande wetu huku. Mwambie Mama avumilie kidogo. Safari hii Wellars anakuja na kabati. Ni zito, watafute wanaume wa kulipokea. Liwekwe ukuta wa kushoto ili akifungua macho alione. Mgonjwa anahitaji moyo kabla ya dawa, na mtu anayeona chumba chake kinajengeka hawezi kukata tamaa.

Nipimie pia dirisha. Nataka nichague pazia.

Umeniambia Mama amewaonyesha wageni meza. Nimeisoma sehemu hiyo tena na tena. Niandikie zaidi mambo kama hayo, usiniandikie vidonda tu.

Mdogo wako,
Kaltumu


Goma
22 Julai 2024

Kwa Bushira, mutoto wa dada yangu,

Nakupigia simu, haupokee. Donc naandika, na Ingabire mwenye kuvusha mikate kwa mpaka atakufikishia mukononi.

Siku tulimuzika mama yako nilikuuliza pale makaburini Rugerero: Kaltumu amejua? Ukanijibu: "Atajua." Mi nikadhani umemutumia habari kwa ule dereva. Sasa Ingabire ananiambia dereva alipita tena, mukakutana, na hakusikia kwako hata neno moja ya kifo. Ni kweli?

Kifo haifichwe, mwanangu. Hata adui tunamuambiaka, ili aseme innalillahi na roho yake ipoe. Sembuse mutoto wa tumbo. Kaltumu amekosa, nimekubali. Lakini na we ulikuwa na mikono. Godoro ya jirani ilikuwa mulangoni. Ungemuweka juu yake kwa nguvu, mugonjwa haulizwe.

Mi sina namba ya Kaltumu, na Kahama siijue. Mwenye kumuambia ni weye. Fanya mbio.

Mjomba wako,
Kadiri


Majengo, Gisenyi
24 Julai 2024

Mjomba Kadiri,

Shikamoo. Ni kweli.

Umesema ningemuweka kwa nguvu. Nilimuweka. Nilimuita Umutesi, tukamubeba wawili, tukamulaza kwenye ile godoro. Mama akanitemea mate kwenye uso. Akalia jina ya Kaltumu mupaka majirani wakaja, akajivuta mupaka nusu ya mwili ikawa chini kwenye simenti. Tukamurudisha kwenye shimo lake. Njo pale akatulia. Hayo hukuyaona, Mjomba. Weye ulikujaka na maembe, ukakaa kidogo, mpaka wa Goma ukakaribia kufungwa, ukaenda.

Na siku alikata roho kabati ilifika. Vijana waliitoa kwenye parking ya malori na pick-up, wakaishusha mbele ya mulango, haikuingia, wakaiacha wakaenda. Unakumbuka wale waliobeba jeneza walisimama, ukawauliza kuna nini? Ilikuwa kabati ya milango mitatu. Walimutua Mama chini kwanza, wakaisogeza, kisha wakamubeba tena.

Sitamuambia. Wellars hajui kitu, tunakutanaka pale parking, nyumbani hajafikaka. Kaltumu alitaka kuchagua, mi nitamuacha achague. Achague pazia, achague shuka, achague mupaka chumba kitimie. Kisha aje afungue mulango yeye mwenyewe.

Unaweza nikasirikia. Lakini usinifundishe mikono.

Bushira


Majengo, Gisenyi
24 Julai 2024

Mudogo wangu mupenzi Kaltumu,

Nisamehe ukali wa barua zilizopita, ilikuwa uchovu. Kabati imefika, imesimama ukuta wa kushoto kama ulivyotaka. Mama sasa ametulia sana. Hanisumbue tena, hata usiku. Vidonda havimuume.

Anauliza rangi ya pazia. Mi nilisema kijani, yeye anasema Kaltumu njo anajua. Dirisha ni mita moja na nusu kwa upana. Kitambaa ukituma nitashona mwenyewe.

Chagua vizuri, usiharakishe.

Dada yako,
Bushira


Kahama
8 Agosti 2024

Dada yangu,

Ningekuwa na mbawa! Barua yako nimeiweka kwenye nguo zangu, natembea nayo. Havimuumi tena! Si nilikwambia? Mgonjwa ni moyo.

Kijani hapana, kinafanya uso wa mtu uonekane na homa. Nimechagua rangi ya asali, inakubaliana na mninga, na jua la asubuhi likipita hapo chumba kizima kinakuwa kama kimewashwa taa. Kitambaa anacho Wellars.

Na safari hii, dada, anakuja na kitanda chenyewe. Na godoro. Na shuka mbili nilizozidarizi pembeni kwa mkono wangu. Nilisimama barabarani mpaka vyote vilipofungwa kamba na kufunikwa turubai.

Nina ombi moja. Mkishamlaza, niandikie maneno yake. Usifupishe. Yale maneno yenyewe, vilevile alivyoyasema.

Mdogo wako,
Kaltumu


Majengo, Gisenyi
25 Agosti 2024

Mudogo wangu,

Kitanda kimefika. Fundi alikifunga, mi nikashona pazia, tukatandika shuka zako. Chumba kimekuwa sawa cha hoteli ya kule Nengo, kwa matajiri. Umutesi alisimama mulangoni akashika mudomo.

Umeomba maneno. Tulimulaza mchana. Alinyoosha mukono akapapasa ubao, akacheka, Kaltumu, ile kicheko yake ya zamani ya kutikisa mabega. Akasema: "Kaltumu alikuwa analala juu ya kifua changu, hataki kitanda. Leo njo ananilaza." Kisha akasema: "Muambie nimelala sasa. Muambie sitaki kitu ingine, nataka kumuona tu yeye, akae hapa pembeni." Akapiga godoro na kiganja, akionyesha pahali.

Pahali pako papo. Kuja.

Dada yako,
Bushira


Kahama
9 Septemba 2024

Dada Bushira,

Nimesoma maneno ya Mama kwa sauti, peke yangu, mpaka nimeyahifadhi.

Nakuja. Wellars amekubali kunipandisha kwenye lori. Usimwambie Mama, nataka nimshtukize. Wewe nifungulie mlango tu, mengine niachie.

Kaltumu


Majengo, Gisenyi
30 Septemba 2024

Kaltumu,

Uliondoka bila kula na bila kuniaga, donc nakuandikia, sababu mambo mengine nilitaka uyasikie.

Nilikuona ukishuka kwenye pikipiki na lile sanduku kubwa, nikasema moyoni, amekuja na nguo za kutuonyesha. Ulinikumbatia. Ukauliza kwa sauti ya chini, "Amelala?" Nikakwambia ingia, kaa, utamuona. Ukavua viatu mulangoni ili usimuamushe. Ukakuta kitanda kimetandikwa, hakuna mutu. Ukageuka ukaniuliza, "Yuko msalani?" Nikasema kaa. Ukakaa pale pale nilikuandikia, pembeni. Nikakuletea chai. Ukapapasa ubao ukicheka peke yako.

Nikakuacha. Chai ikapoa. Mi nilikuwa nyuma ya mulango, sitakudanganya, nilikuwa nasikia vile unajikohoza. Nilitaka ungoje. Mama alingojea nani? Alikungojea weye.

Ulipoanza kuita "Mama, Mama" njo nikaingia nikakwambia: "Mama iko Rugerero, kwenye makaburi, tangu haujachagua pazia."

Ulinipiga kofi. Sawa. Umutesi anasema nina roho ya mawe. Mjomba Kadiri haingie tena kwangu, anasimama kwenye barabara kama polisi. Lakini mi njo nilimuosha Mama mara ya mwisho, na ngozi ilibaki kwenye kitambaa. Kwa hiyo mutu asiniambie roho yangu ni ya nini.

Vitu vyako viko. Tuma lori uvichukue, urudishe kwenye duka la bwana yako. Mi sivihitaji.

Bushira


Kahama
17 Oktoba 2024

Bushira,

Sina duka la kurudisha vitu.

Nitakueleza mara moja tu, kwa sababu mtu akifanya jambo ni haki yake kujua alilolifanya.

Mwezi wa tatu mume wangu Maganga alioa mwanamke mwingine, akamleta humo humo nyumbani. Simu alininyang'anya ili nisiwaambie ndugu zangu, na mimi, kwa aibu, sikutaka mjue. Yule mke alitaka chumba changu. Alikuja na meza yake ya kioo, basi yangu ikatolewa uani. Hiyo ndiyo niliyoituma kwanza. Baadaye akaleta kabati lake, langu likatolewa. Nikalituma. Dukani sikuwa na ruhusa hata ya kugusa mto. Kila ulichopokea kilikuwa cha chumbani kwangu, kile chumba nilichoingia kama bibi harusi.

Kitanda hakikutoka kwa sababu Maganga alikuwa bado analala juu yake na mke wake mpya. Mimi nilikuwa nalala jikoni. Kila siku niliomba kwa Mungu wachoke na mninga wangu wanunue kingine. Wewe uliandika "godoro", mimi nikikusikia, na godoro lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa na wao wawili ndani. Ningekwambia nini? Kwamba mama yetu anaoza kwa sababu mimi sina kitanda? Nikaandika habari za seti. Nikaandika ujinga wa rangi na mti mmoja. Hilo la kukukataza kununua ni kiburi changu, nalibeba.

Siku aliyonipa talaka, Maganga aliniuliza nataka kuondoka na nini. Nikasema kitanda na godoro lake. Akacheka, akawaita vijana wakavitupa barabarani. Ndipo niliposimama pale mpaka vikafungwa kamba.

Sanduku uliloliona halikuwa la maonyesho. Ndani mlikuwa na kila nilichobaki nacho duniani. Nilikuja kukaa. Nilikuwa nimepanga njiani, pale ndani ya lori, namna nitakavyomwambia Mama: sogea kidogo, nimerudi kulala kifuani kwako. Nilikuwa nimepanga kukwambia wewe upumzike, urudi kwenye cherehani yako, zamu yangu imefika. Nilijua hata upande nitakaolala ili nisimguse vidonda.

Sasa niko kwa mama mmoja anayepikia madereva chakula hapa barabarani. Naosha vyombo, nalala kwenye mkeka, na silalamiki. Usinitumie kitanda. Lala juu yake wewe, ni kizuri.

Sikukasirikii kwa kuninyima maziko. Wala kwa chai. Hata kwa kusimama nyuma ya mlango ukinisikiliza, nimeshakuachia. Mimi nilikusikia ukilia kwa barua mbili nikakujibu habari za kabati, basi tumelipana.

Lakini uliniandikia kwamba Mama alicheka. Uliniandikia alipiga godoro kwa kiganja akionyesha pa kukaa. Niliisoma barua hiyo jikoni kwa Maganga, eda yangu ikiendelea, huku mwanamke mwingine akiimba chumbani kwangu, na nakuapia sijawahi kuwa na furaha kama siku ile tangu niolewe. Nilitoka nje nikacheka. Nilicheka ile kicheko ya Mama, ya mabega. Watu wakanitazama.

Kuniua ungeweza kuniua, nami ningekusamehe. Lakini wewe ulinifurahisha.

Kaltumu